Kununua kiwanja Ifakara: muhuri, ukoo na maji ya Aprili

Tangazo la dalali wa Ifakara huwa fupi: kiwanja kinauzwa, hatua 20 kwa 30, umeme upo jirani, maji yapo, bei maelewano. Hakuna uongo hapo. Ila hatua ni za nani hajasema, umeme wa jirani unaweza kuwa nguzo iliyo mitaa miwili kutoka hapo, na maji anayoyazungumzia Agosti ni ya kisima au bomba. Ya Aprili huja yenyewe mpaka mlangoni, hayahitaji dalali.

Ifakara ni makao makuu ya Wilaya ya Kilombero mkoani Morogoro. Mji uko kwenye bonde pana la Mto Kilombero, milima ya Udzungwa ikiwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande wa pili. Ni mji wa mpunga, wa baiskeli, wa hospitali ya Mtakatifu Fransisko na wa taasisi ya utafiti wa malaria inayojulikana duniani kuliko mji wenyewe. Ni mji pia ambao kiwanja kimoja kinaweza kuwa na wenyewe wawili, wote watu wazima wa heshima zao, na kila mmoja ana karatasi iliyogongwa muhuri. Mtu wa nje husikia hivyo akasema tu "wametapeliwa". Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi hakuna tapeli: kuna sheria mbili zilizokutana juu ya ardhi moja, kuna ukoo ambao haukuulizwa, na kuna mto. Kinachomwokoa mnunuzi katikati ya hayo yote, kwa maoni yangu, ni kile majirani wanachokijua na wako tayari kukisema mbele za watu. Karatasi ina nguvu kadiri inavyobebwa na watu hao.

Kwanza tuelewe kwa nini ardhi imepanda thamani. Kwa miaka mingi Ifakara ilikuwa mwisho wa safari. Ukitoka Mikumi unapita Kidatu na Mang'ula kwa vumbi au matope, unafika, na ukitaka kuendelea Mahenge au Malinyi unasubiri kivuko. Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka mtoni. Mwaka 2018 likazinduliwa daraja lenye urefu wa mita 384, linaloitwa Daraja la Magufuli, na wilaya ya Ulanga ng'ambo ya mto ikawa jirani. Baadaye lami ya Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, nayo ikakamilika. Reli ya TAZARA ilikuwapo tangu miaka ya 1970, lakini reli haipandishi bei ya kiwanja kama lami. Mwenye lori la mpunga sasa anapakia asubuhi na kulala Morogoro, na mwenye shamba pembeni ya barabara ameanza kuliona shamba lake kwa macho mengine: ekari moja ya mpunga, au viwanja sita?

Upande mwingine bonde limebanwa. Mwaka 2002 eneo oevu la bonde hili, kama kilomita za mraba 8,000, liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na wafugaji wengi waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao wakatolewa. Mwaka 2023 pori tengefu la Kilombero likapandishwa hadhi kuwa pori la akiba. Na chini kabisa ya mkondo kuna bwawa la umeme la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, mto ambao zaidi ya nusu ya maji yake hutoka Kilombero. Serikali ina sababu nzito za kutotaka majembe mengi bondeni. Mkulima aliyekuwa na uhakika wa majaruba ya chini sasa anaangalia kiwanja cha mjini kama bima, na wote wanakimbilia ardhi ileile ya juu kidogo, isiyofika maji.

Hapo ndipo sheria zinapokutana.

Tanzania ina sheria mbili kuu za ardhi, zote za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Mimi na wewe tunamiliki haki ya kuitumia. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na haiwezi kugawa kitu bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ya jumla, ambayo ndiyo ya mijini, iko chini ya Kamishna wa Ardhi na maofisa ardhi wa halmashauri. Kwenye karatasi mpaka kati ya hizo mbili umenyooka. Mtaani, mji hautembei kwa kufuata Gazeti la Serikali. Watu hujenga kwanza, nyumba zikashikana, kijiji kikaanza kuitwa mtaa, na siku moja kinafanyika kikao, kibao kinabadilishwa.

Kitu kimoja hapa huwapita watu wengi, hata wenyeji. Mwenyekiti wa kijiji akikaa na halmashauri yake ana mamlaka ya kisheria juu ya ardhi. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa hana. Sheria haimpi kugawa ardhi wala kuhamisha umiliki. Anachofanya anapogonga muhuri kwenye mauziano yako ni kusema kwamba aliwaona mkikubaliana, basi. Lakini mtu mwenyewe anaweza kuwa yuleyule, ofisi ileile yenye mlango wa bluu, muhuri umebadilishwa neno moja tu. Mzee aliyezoea kwamba "kwa mwenyekiti ndiko ardhi inakoandikwa" hana sababu ya kushtuka. Anaenda, anaandikiwa, anatoa kitu kidogo, anarudi nyumbani akijua amemaliza.

Hicho kitu kidogo nacho tukiseme. Maeneo mengi nchini kuna mazoea ya kudai asilimia 10 ya bei ya kiwanja kwa ajili ya ofisi ya mtaa. Viongozi wa serikali wamekemea mara nyingi, na hakuna sheria inayompa mwenyekiti fungu hilo. Ukitoa, dai risiti. Usipopewa, jua umetoa sadaka.

Sasa itazame karatasi yenyewe. Mara nyingi ni ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mistari. "Mimi fulani, nikiwa na akili timamu na bila kushawishiwa na mtu, nimemuuzia fulani kiwanja changu chenye hatua 20 kwa 30 kwa shilingi kadhaa. Mashariki anapakana na Mama Asha, magharibi na barabara, kaskazini na mwembe, kusini na eneo langu lililobaki." Sahihi ya muuzaji, au dole gumba. Sahihi ya mnunuzi. Mashahidi wawili kila upande, na muhuri.

Soma tena mipaka hiyo. Hatua 20 za muuzaji mrefu siku ana haraka zinaweza kuwa mita 18, na za mnunuzi anayepima mwenyewe jioni, akitaka kilicho chake, zikawa 16. Barabara ya magharibi haina upana. Mwembe unaweza kukatwa kuni. "Eneo langu lililobaki" litauzwa mwaka ujao kwa mtu mwingine, naye ataandikiwa kwamba upande wa kaskazini anapakana na wewe, kwa hatua zake yeye. Ukitaka kujua mgogoro wa mpaka unazaliwaje, ni hapo, na wala hakuna aliyedanganya. Aliyebaki na jibu ni Mama Asha. Alikuwapo siku ya kupima, anakumbuka jiwe lilizikwa wapi, na kama mnaelewana atakuja kusema. Ndiyo maana wenyeji wakinunua hupita nyumba za jirani kwanza, wanakaa, wanapewa maji, wanauliza habari za mavuno kabla ya kuuliza habari za kiwanja. Mgeni anayeshuka na gari, akalipa na kuondoka kabla ya magharibi, ameiruka hatua hiyo, na ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko muhuri.

Je, karatasi hiyo ya daftari haina maana kisheria? Ina maana. Ni ushahidi wa makubaliano. Haki ya kimila nayo si ya kupuuzwa: mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilisema kwamba haki ya kutumia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, hivyo haiwezi kufutwa bila fidia ya haki. Mji kutangazwa juu ya shamba la babu yako hakulifuti shamba. Kunabadilisha tu nani wa kuongea naye na kwa karatasi gani.

Kuna pia waliobahatika kupata karatasi nzito zaidi. Kuanzia 2016 wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilipitiwa na mradi mkubwa wa serikali na wafadhili wa kupima mipaka ya vijiji, kupanga matumizi ya ardhi na kutoa hati za hakimiliki za kimila. Vijana wa vijijini walifundishwa kutumia simu na vifaa vya kupimia, familia zikasimama kwenye pembe za mashamba yao, majirani wakakubali au wakakataa papo hapo. Hati hizo zina sifa ambayo wengi hawaijui: kwa mwanakijiji zinaweza kuwa hazina ukomo wa miaka, wakati hati miliki ya mjini huwa na muda wake, miaka 33, 66 au 99. Mtu huona fahari kubadilisha ya kimila kuwa ya mjini, na kwa mkopo wa benki ana sababu, ila ajue kwamba anaanza kuhesabiwa miaka na kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka.

Ukoo sasa. Muuzaji anaweza kuwa ndiye mwenye ardhi kweli na bado asiweze kukuuzia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inamtaka mnunuzi aulizie ridhaa hiyo. Kwa hiyo sahihi ya mke ni sehemu ya mauziano. Ukikuta mume anauza haraka haraka mwezi wa Februari, mke yuko shambani anafukuza ndege, simama. Hapa watu huhamia mashambani kwa wiki au miezi, wanalala kwenye vibanda, watoto juu ya dungu wakilinda mpunga, na nyumba ya mjini hubaki na mzee mmoja au imefungwa. Viwanja vimewahi kuuzwa katika kipindi hicho, mwenye haki akarudi na magunia yake akakuta msingi wa mtu mwingine.

Mirathi ni ngumu zaidi. Mzee amefariki, ana wake wawili na watoto tisa, mmoja yuko Dar es Salaam, mwingine Mlimba, na kiwanja kinauzwa na yule aliyekuwa anamuuguza. Kimila anaonekana ana haki kuliko wote. Kisheria hana hata sentimita moja ya kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na kikao cha ukoo peke yake hakitoshi, ingawa muhtasari wa kikao hicho ndio mahakama ya mwanzo huuomba. Wajane huumia hapa. Taratibu za kimila za makabila mengi ya ukoo wa kiumeni, zilizoandikwa kama tangazo la serikali mwaka 1963, hazimpi mjane urithi wa ardhi. Sheria za 1999 zinasema mwanamke ana haki sawa ya kupata, kutumia na kumiliki ardhi, na kwamba mila inayomnyima haina nguvu. Mambo haya mawili yanaishi mji mmoja, na wakati wa msiba ni la kwanza linalosikika, kwa sababu wazungumzaji wa msibani ni mashemeji.

Ukishavuka muhuri na ukoo, bado mto, na hapa naomba tukae kidogo.

Ardhi ya Ifakara ni tambarare kiasi kwamba tofauti ya futi mbili ndiyo mtaa wa matajiri na mtaa wa mapagala. Kilombero wenyewe uko mbali kidogo na katikati ya mji. Unaosumbua zaidi ni Lumemo, unaoshuka kutoka Udzungwa na kupita kandokando ya makazi. Mvua ikinyesha milimani usiku, mjini huenda hakujadondoka tone, na asubuhi maji yako uani. Machi, Aprili na Mei ndiyo miezi yenyewe. Masika ya 2024 yaliumiza mkoa wa Morogoro vibaya, bonde hili likiwamo.

Kiwanja hununuliwa lini? Baada ya mavuno, Juni hadi Septemba, hela ya mpunga ikiwa mkononi. Huo ni msimu wa bati, saruji na matanuru ya matofali yanayofuka moshi kila upande. Ardhi imekauka, mfinyanzi umepasuka, majani ni ya kahawia, kila kiwanja kinafanana na kingine. Muuzaji wa eneo la bondeni hana haja ya kusema uongo. Anahitaji tu kuuza Agosti.

Ukitaka kujua ukweli, usiangalie chini, angalia kuta. Nyumba ya jirani isiyopigwa lipu itakuonyesha mstari wa matope kwenye kozi ya pili au ya nne, na tofali za kuchoma chini ya mstari huo zimeanza kulika pembe. Angalia choo. Choo cha shimo kilichoinuliwa kwa ngazi tatu hakikujengwa hivyo kwa urembo: maji ya ardhini yako karibu sana, na shimo likichimbwa kina cha kawaida hujaa masika na kumwaga. Angalia kizingiti cha mlango, kama kimeongezwa tofali moja baadaye kwa saruji ya rangi tofauti. Angalia miti: michungwa mizee husema eneo ni kavu, matete na magugu ya majini husema kinyume. Halafu muulize mtoto wa miaka kumi kama huwa wanavua kambale hapo. Mtu mzima anaweza kuwa na ndugu anayeuza kiwanja. Mtoto atakuonyesha na mahali.

Sheria nayo ina lake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu wanaijua namba hiyo. Wanaijua kwa sababu huisikia pale bomoabomoa inapotajwa. Lakini mita 60 kutoka wapi? Lumemo wa Oktoba ni kijito unachovuka umekunja suruali. Lumemo wa Aprili umehamisha ukingo. Mito ya tambarare hula upande mmoja na kutapika mchanga upande wa pili, kwa hiyo nyumba iliyojengwa mita 80 kutoka ukingoni inaweza kujikuta mita 50 baada ya misimu kadhaa bila mwenyewe kusogea. Mwenye karatasi ya 1998 atasema mto ndio ulionifuata. Ana hoja. Ofisa mazingira naye ana hoja, kwa sababu maji hayasomi tarehe za karatasi. Namna pekee ya kuamua kwa haki ni kuwa na alama za kudumu za hifadhi ya mto zilizowekwa mbele ya wananchi, na kuwazuia wanaoanza leo kabla hawajafika kwenye renta. Kusubiri nyumba iezekwe ndipo ije ibandikwe notisi ni uonevu, hata kama sheria inaruhusu.

Hifadhi ya barabara ni rahisi kueleza. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Aliyekuwa ndani ya 22.5 alivamia; aliyekuwa kati ya 22.5 na 30 alifuatwa na sheria. Ndiyo maana utakuta X nyekundu kwenye nyumba moja, maana yake ondoka bila fidia, na ya kijani kwa jirani, maana yake utalipwa. Ukinunua kando ya lami au karibu na reli, nenda na futi ya kupimia na uulize ofisi husika, usimuulize dalali.

Njia ambayo serikali imeichagua kufumua mafundo haya ni urasimishaji wa makazi: badala ya kubomoa mtaa uliojipanga wenyewe, upimeni kama ulivyo, mwenye nyumba apate hati. Wananchi huchangia gharama. Mwaka 2019 wizara ilishusha kiwango cha juu kuwa shilingi 150,000 kwa kiwanja. Kwanza wanachora mpango wa eneo, kisha wapima wanaweka mawe ya mipaka, yale watu wanayoyaita bikoni, halafu ndipo maombi ya hati. Katika miji mingi wananchi wamechangia, mchoro ukaonekana, bikoni zikawekwa nusu mtaa, kampuni ya upimaji ikakata simu. Ushauri wangu: lipa kwa akaunti inayotambuliwa na halmashauri na ufuatilie mpaka namba ya kiwanja itoke, kwa sababu bikoni bila ramani iliyoidhinishwa ni jiwe tu.

Lakini gharama ya hela si kubwa kuliko ile ya ujirani. Mchoro unahitaji barabara ya kupita gari, la sivyo zimamoto na mkokoteni wa mpunga vitapita wapi? Barabara inatoka kwenye viwanja vya watu. Mmoja anakatwa mita moja na nusu, mwenzake ng'ambo hakatwi kitu kwa sababu ana nyumba ya tofali na yule wa kwanza ana jiko la makuti. Kisheria mpango uko sawa, umefuata kilichokuwapo. Mtaani hiyo inaitwa kuonewa maskini, na watu waliokuwa wakizikana wanaanza kupitana bila salamu. Kamati za urasimishaji zinazofanikiwa ni zile zinazomaliza suala la njia kwanza, nyumba kwa nyumba, kabla mpima hajashusha chombo chake, na mara nyingi mwanzo mwema ni mjumbe wa kamati mwenyewe kukubali kukatwa kwanza.

Waliosahaulika katika hesabu zote hizi ni wapangaji. Ifakara ina chuo kikuu kishiriki cha afya, ina hospitali, ina watafiti, walimu, vijana wa mashine za kukoboa. Nyumba ndefu ya vyumba sita, korido katikati na choo uani, ndiyo biashara ya nyumba ya mji huu. Kodi hutakiwa miezi mitatu au sita mbele. Tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na kuanzia 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Mwenye jengo ndiye mlipaji kisheria, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, hivyo wa kwanza kuingiza tokeni mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja watu wamejifunza kuvumilia giza siku mbili, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Muulize mwenye nyumba kabla ya kuhamia kama anairudisha kwa kuipunguza kwenye kodi ya chumba, na akisema ndiyo, iandikwe.

Kodi ya kuuza pia ipo. Muuzaji mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida aliyopata, na tangu 2023 asiye na kumbukumbu za gharama zake hutozwa asilimia 3 ya thamani ya mauzo. Nyumba ya kuishi na shamba dogo vina misamaha yake. Mauziano ya daftari huikwepa kodi hii, na ndiyo sababu mojawapo ya watu kuyapenda. Bili humsubiri mnunuzi siku atakayotaka kuhamisha hati, muuzaji akiwa hapatikani kwenye simu.

Na mkikosana? Zamani baraza la kata lilikuwa linasikiliza na kuamua. Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliliondolea mamlaka ya kuamua. Sasa kazi yake ni kusuluhisha. Huwezi kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya bila kwanza kupitia hapo, na wana siku 30 za kujaribu. Wengi wanaiona ni kupoteza muda. Nadhani wanakosea, kwani kata ndiyo ngazi ya mwisho ambako Mama Asha anaweza kusema alichokiona kwa lugha yake, bila wakili wa kumkatiza na bila nauli. Ukishindwa hapo, peleka shauri wilayani mapema. Madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na jirani aliyesogeza uzio wake wakati ulipokuwa shambani ameanza kuihesabu miaka hiyo siku alipochimbia nguzo ya kwanza.